Baba Rachel na Kunguru wa Msesewe

Nianze kwa kusema kwamba Ebenezeri si mpumbavu. Nasema mapema kwa sababu haya nitakayosimulia yatamfanya aonekane hivyo, na mimi nimekaa naye jirani hapa Mwika miaka thelathini na moja, kihamba chake, yaani shamba lake la nyumbani, juu, changu chini, maji ya mfereji yakipita kwake kabla ya kufika kwangu. Mpumbavu hajui anachofanya. Ebenezeri anajua vizuri kabisa, anakatazwa na mkewe, anafanya, kisha anakuja jikoni kwangu kuuliza kwa nini hakukatazwa.

Ni mwanamume wa miaka sitini na sita. Ana kahawa, ana migomba, ana ng'ombe wawili wa maziwa, na ana magoti mabovu aliyoyapata ujanani akiwa mpagazi mlimani. Ukipishana naye barabarani hutageuka kumtazama mara ya pili. Ila ana sauti. Sijui kifua kile kimeumbwa kwa kitu gani. Akimwita mbwa wake jioni, mbwa wa ng'ambo ya korongo wanakuja pia. Akinong'ona kanisani, mchungaji anapoteza mstari aliokuwa anausoma.

Sauti hiyo ndiyo iliyompa kazi yake ya Jumapili. Huku kwetu asiye na fedha haendi ibadani mikono mitupu. Anabeba mkungu wa ndizi, mayai, kuku, chupa ya maziwa, na ibada ikiisha vitu hivyo vinanadiwa nje, mbele ya mlango wa kanisa. Kwa miaka kumi na tisa aliyenadi alikuwa Ebenezeri na kofia yake ya kaki. Na msidhani ni makelele tu. Alijua nani kapata mgeni, nani kagombana na mkewe na anahitaji kurudi nyumbani na kuku, nani hawezi kuvumilia kushindwa na shemeji yake. Siku moja aliletewa jogoo mwenye jicho moja. Akamwinua juu akatangaza: "Huyu ni jogoo mwenye adabu! Ukichelewa kurudi nyumbani, ataona nusu tu!" Wanaume watano waligombania yule jogoo, na wote ni watu wenye heshima zao.

Sasa kuna kaka yake, Aminieli, anayemzidi miaka mitatu. Vihamba vyao vinapakana, na mpaka wenyewe, kama mipaka yote huku mlimani, ni mstari wa masale, yale majani marefu ambayo Mchagga akiyaona anajua hapa ndipo pa kuishia. Baba yao alipofariki, nyumba ya zamani ilikwenda kwa Ebenezeri kwa kuwa ndiye kitinda mimba, ndivyo mila inavyosema. Wiki chache baada ya mazishi Ebenezeri akaamka, akautazama mpaka, akasema masale yamesogea hatua moja kuingia kwake. Aminieli akajibu kwamba masale hayana miguu. Basi, ikawa hivyo. Miaka sita hawakusemeshana.

Likiwepo jambo la lazima lilipitia kwangu. "Mwalimu," Ebenezeri angesema, maana nilifundisha shule ya msingi mpaka nilipostaafu na jina hilo halijaniacha, "mwambie yule mtu ndama wake amekata kamba, yuko kwenye kahawa yangu." Na yule mtu amesimama hatua nne kutoka hapo, anasikia, hata Himo wanasikia. Nami nageuka: "Aminieli, ndama wako yuko kwenye kahawa." Naye: "Mwambie nimesikia." Nimefundisha darasa la kwanza lenye watoto themanini na sikuwahi kuchoka namna ile.

Kwenye mpaka huo huo umesimama msesewe mrefu, mti ambao magome yake tunayatia kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi. Septemba iliyopita kunguru wawili walijenga juu yake, wale weusi wenye fulana nyeupe kifuani, na wakaanza kuteremka kwa Ebenezeri kuchukua vifaranga. Walichukua wanne kwa siku tatu. Magreth, mkewe, akamwambia: "Baba Rachel, subiri makinda yao yaruke, ndipo ukiangushe kiota." Akamwambia vizuri, mbele yangu. Kesho yake akapanda ngazi akiwa na ufito mrefu, kofia ya mnada kichwani, akakiangusha.

Kilianguka chote: vijiti, waya, vibanio vitatu vya nguo vya Magreth, kijiko cha chai. Na makinda wawili, hawana manyoya bado, ambao hawakuamka tena. Nilimwona akiwafukia chini ya mgomba. Hakujua naangalia. Alisimama pale muda mrefu kuliko mtu anayefukia taka, nami nikamhurumia, ingawa nilikuwa nimemkasirikia.

Asubuhi iliyofuata alitoka na ndoo ya pumba. Hajafika zizini, kofia ikaondoka. Akageuka, hakuna mtu. Akaiokota, akaivaa, ikaondoka tena, na safari hii akasikia mdomo kichwani. Kunguru wawili walikuwa wamekaa kwenye bati, wanampigia kelele kama wanaomfokea mwizi aliyekamatwa. Magreth akapita na ndoo hiyo hiyo, wakanyamaza. Akarudi, wamenyamaza. Ebenezeri akachungulia mlangoni, wakaanza upya.

"Wana kichaa," akasema.

Siku ya tatu walikuwa watano. Wiki ya pili walikuwa kumi na mmoja, na nakuhakikishia wengi wao hawakuwepo siku kiota kinaanguka. Walikuja kutoka kwenye migomba ya watu, kutoka sokoni, wengine labda kutoka Mabogini kwenye mpunga, sijui. Walimsindikiza hadi kwenye kahawa. Walimsubiri nje ya choo. Akivua kofia wanamjua, akivaa nyingine wanamjua. Mimi nikipita, kimya. Mchungaji akipita, kimya. Hata ng'ombe walipita kwa amani.

Ikabidi apigiwe Rachel, binti yake, anayeongoza watalii mjini Moshi na aliyesomea mambo ya wanyamapori. Magreth akaweka simu kwenye spika, ingawa kwa mazungumzo ya Ebenezeri spika ni ziada.

"Baba, shikamoo. Mama kaniambia. Sikiliza, kunguru wanakumbuka sura ya mtu. Ukiwakosea, hawasahau, hata miaka."

"Lakini hawa wengine sikuwafanya kitu!"

"Wameambiwa, baba. Wanaambiana. Wale wawili wanakupigia kelele, wengine wanaona ni nani, wanashika sura. Hata watoto wao watafundishwa. Yaani wewe sasa uko serious kwenye listi yao."

"Wameambiwa nini?"

"Kwamba wewe ni mtu mbaya."

Ebenezeri akasimama. Alikuwa amekasirika kweli, si mchezo. "Wamesikiliza upande mmoja tu!" akasema. "Mimi hakuna aliyeniuliza! Wale vifaranga wangu nani kawasemea?"

Rachel alicheka mpaka simu ikakatika.

Mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi, na Ebenezeri, Mlutheri, aliona hata hiyo ni mapema mno. Aliamua kuwadanganya. Alivaa kitenge cha Magreth, akajifunga kilemba, akabeba kichwani mzigo wa majani ya ng'ombe mkubwa kiasi kwamba majani yalimfunika uso, akatoka akitembea kwa hatua fupi fupi. Mimi nilikuwa najaza maji nikaona mwanamke mwenye mapaja ya mpagazi anapita chini ya msesewe. Kunguru walimtazama. Mmoja aliinamisha kichwa upande, akafikiri. Wakamwacha. Alikuwa amekwisha kupita kabisa, ushindi uko mkononi, alipokutana na binti mmoja anayekwenda kuchota maji.

"Shikamoo mama!" binti akasema, kwa adabu zake.

"MARAHABA!"

Binti wa watu aliangusha ndoo akakimbilia chini. Kunguru wakaja kutoka juu. Kumbe na sauti waliikariri pia.

Haya yote yangekuwa ya kuchekesha tu kama yangebaki shambani. Lakini Jumapili ya mwanzo wa Oktoba walimfuata kanisani. Walikaa kwenye paa wakati wa ibada, kwa utulivu zaidi kuliko washarika wengine ninaowafahamu, na Ebenezeri alipotoka na mkungu wa kwanza begani, wakashuka.

Sasa muelewe jinsi mnada wetu unavyokwenda. Anayetaka kupandisha bei hapigi kelele, ananyoosha mkono, na Ebenezeri anataja. Kunguru kumi na mmoja walipoanza kupita juu ya vichwa vya watu, kila mtu alinyoosha mkono kujikinga. Na Ebenezeri, kichwa kimeinama, kofia imeshikwa kwa mkono mmoja, aliendelea na kazi aliyoizoea miaka kumi na tisa. "Mzee Filemon! Mzee Filemon tena! Mzee Filemon anajipita mwenyewe! Mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, imekwenda!"

Mzee Filemon mwenye duka la mbolea alirudi nyumbani siku ile na mikungu mitatu, bata, na trei ya mayai ambayo kunguru mmoja alikuwa tayari amekwisha kuionja. Hakutaka hata kimoja. Ana upara, maskini, alikuwa anaukinga.

Jumapili ya pili ikawa hivyo hivyo, ila watu wachache zaidi walibaki. Jumatano baraza la wazee wa kanisa likakutana. Mimi ndiye katibu, niliandika kwa mkono wangu mwenyewe, na sikufurahia. Mzee Filemon alisema kwamba sadaka si vita. Alisema mnada unahitaji mtu asiye na ugomvi na ndege. Kisha akapendekeza jina.

"Aminieli," akasema.

Aminieli alikuwa amekaa pembeni, hakukubali, hakukataa, alitazama sakafu. Ebenezeri alikuwa amekaa pembe ya pili, kwa sababu hata kwenye baraza walikaa pembe mbili. Ikaamuliwa hivi: Sikukuu ya Mavuno ilikuwa imebaki wiki tatu, na mpaka hapo mnada usimame. Kunguru wakija tena siku hiyo, Aminieli atashika mnada moja kwa moja.

Jioni Ebenezeri alikuja jikoni kwangu. Hakuuliza kwa nini hakukatazwa. Alikaa kwenye kigoda akashika kikombe cha chai bila kunywa.

"Mwalimu," akasema, na kwa mara ya kwanza nilimsikia akisema kwa sauti kama ya watu wengine, "mimi si fundi. Sikusoma. Kahawa yangu ni ya kawaida, ndizi zangu za kawaida. Lakini Jumapili nikisimama pale watu wanafurahi, na ni mimi ninayewafurahisha. Nikiondolewa pale, mimi nabaki nini? Na awekwe yule?"

Nilimwongezea sukari.

Rachel alisema kuna njia: awape chakula kila siku, saa ile ile, mahali pale pale, asiwakazie macho, polepole watalainika. "Kwa muda gani?" akauliza. "Miezi kadhaa, baba." Yeye ana wiki tatu. Alijaribu hata hivyo. Kila saa kumi na mbili asubuhi aliweka mahindi ya kuchemsha na vipande vya utumbo chini ya msesewe. Kunguru walikuja, walikula vizuri, kisha walimfokea huku midomo imejaa.

Magreth ndiye aliyelitoa lile wazo, na ameniapia mara tatu kwamba alikuwa anatania. Alikuwa anamenya ndizi za kiburu, chakula chetu cha ndizi na maharage, Ebenezeri anazunguka jikoni analalamika, naye akachoka. "Wewe ulivunja nyumba ya watu," akamwambia. "Kwetu mtu akivunja nyumba ya mtu, anafanya nini?"

"Anapeleka sale."

"Basi nenda kapeleke."

Jani la sale, kwa asiyejua, ndilo msamaha wenyewe. Mtu aliyekosa analikata, analifunga fundo, analipeleka pamoja na mbege kwa aliyemkosea, na aliyeletewa hawezi kukataa. Hata kama ni damu imemwagika, akiliona jani anapokea, na likishapokelewa kesi imekufa, hakuna wa kuifufua. Kukataa ni kujiletea balaa nyumbani. Nimewahi kuona mtu mzima akiruka dirishani kwa sababu ameona mtu aliyemkosea anakuja na sale na yeye bado anataka kukasirika.

Magreth alicheka, akarudi kwenye ndizi zake. Alipoinua kichwa mumewe hayupo.

Ilikuwa Jumamosi, kumepambazuka, ukungu bado uko kwenye migomba. Mimi nilikuwa nakamua. Nilimwona Ebenezeri akishuka hadi kwenye mpaka, akakata jani moja kwenye mstari ule ule wa masale uliowagombanisha, akalifunga fundo. Mkono mwingine alishika bakuli la utumbo, kwa kuwa kunguru hawanywi mbege. Akasimama chini ya msesewe, akavua kofia. Mzee wa kanisa. Nikaacha kukamua.

Alianza kwa Kichagga, kwa kunong'ona, kwa hiyo nilisikia kila neno, na ng'ombe wangu pia.

"Nimekuja," akasema. "Nilikuja siku ile na hasira. Mlikula vifaranga wangu, hilo mnalijua. Lakini niliambiwa nisubiri, sikusubiri, na watoto walikuwa ndani. Niliwafukia mwenyewe. Tangu siku ile nikimwona kuku na vifaranga wake sijisikii vizuri. Nimekosa. Sina la kujitetea. Nimekosa, naomba tuyamalize."

Akainua jani juu, kwa mikono miwili.

Wakati huo huo kahawa ya upande wa pili ikatikisika, akatokea Aminieli. Alikuwa na mundu na tita la majani ya ng'ombe. Sikujua amekuwa pale tangu saa ngapi. Aliangusha tita, akaweka mundu chini, akavuka mpaka ambao hakuwa ameuvuka kwa miaka sita, akamfikia mdogo wake, akalipokea lile jani.

"Nimelipokea," akasema.

Ebenezeri alibaki na mikono juu. Mdomo ulikuwa wazi, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuna kilichotoka.

"Na mimi nimekosa," Aminieli akasema. Machozi yalikuwa yanamtoka. "Masale niliyasogeza mimi. Hatua moja. Wiki ile baada ya kumzika baba, nilikuwa na uchungu kwa sababu nyumba ulipewa wewe. Niliyang'oa nikayapanda upya. Ulikuwa unasema kweli."

Hapo kunguru mmoja alishuka akachukua kipande cha utumbo kwenye bakuli, na mwingine akamdonoa Ebenezeri kwenye utosi uliokuwa wazi. Hakushtuka hata kidogo. Alikuwa anamtazama kaka yake.

"Aika, mbe," akasema mwishowe, ahsante. Wakashikana mikono, nami nikajikuta nalia kwenye maziwa.

Nusu saa baadaye alikuwa kwenye kigoda changu.

"Mwalimu, nilikuwa sahihi."

"Nimesikia."

"Miaka sita nilikuwa sahihi! Na leo niliyepeleka sale ni mimi!"

"Ndiyo."

"Na siwezi kusema kitu. Jani limepokelewa. Hata 'nilikwambia' siwezi kusema."

"Huwezi, Baba Rachel."

Akanywa vikombe vitatu. Kisha uso ukambadilika, nikajua sasa tumefika penyewe. "Lakini lile jani halikuwa lake," akasema. "Nilikuwa nasema na kunguru. Yeye kaja mwishoni, kasikia 'nimekosa', kadhani ni yeye. Nikimwambia namwaibisha mtu mzima aliyelia mbele yangu. Nisipomwambia, nimepatanishwa na kaka yangu kwa uongo. Nifanyeje?"

Miaka thelathini na sita nimewachapa watoto kwa kusema uongo. Nikamtazama mzee yule machoni nikamwambia: "Nyamaza." Mungu anisamehe. Alinyamaza, lakini kunyamaza kulimkaa vibaya. Wiki nzima, Aminieli akimpungia mkono kutoka ng'ambo ya masale, Ebenezeri alikuwa akipunga kwa haraka na kuangalia pembeni.

Sikukuu ya Mavuno ilikuwa na jua zuri. Mlima ulitoka wote mawinguni. Watu walileta vitu ambavyo sijaviona miaka mingi: mikungu ya kubebwa na wawili, magimbi, mbuzi, asali, hata sungura. Na kwenye paa, kunguru. Nilihesabu kumi na wanne. Sale kwao lilikuwa jani tu.

Ebenezeri alitoka nje na mkungu wa kwanza. Akafungua mdomo, wakashuka. Mzee Filemon alikalia mikono yake yote miwili. Wengine walijificha chini ya vikapu. Ebenezeri alisema "Mara ya kwanza" mara nne, kila mara akikatizwa, kisha akauweka mkungu chini. Watu wote wakageuka kumtazama Aminieli, kwa sababu uamuzi wa baraza ulijulikana. Sijawahi kuona uso wa mtu ukiwa mtupu kama wa Ebenezeri wakati ule.

Aminieli akainuka. Akaja mbele taratibu, akanyoosha mkono, akaichukua kofia ya kaki kichwani kwa mdogo wake, akaivaa yeye. Watu wengine walishusha pumzi, niliwasikia. Kisha akamshika bega akamgeuza.

"Ingia ndani," akamwambia. "Kaa nyuma ya dirisha la sakristia, upige kelele. Mimi nitainua vitu."

Ndivyo ilivyokuwa. Aminieli alisimama uwanjani akiinua mikungu, na sauti ya Ebenezeri ikatoka kwenye ukuta wa kanisa kama kwamba jengo lenyewe linanadi. Kunguru walichanganyikiwa. Walisikia sauti, sura hawaioni. Waliona kofia, sura siyo. Walimzunguka Aminieli mara mbili, mmoja akamkaribia kabisa akamtazama usoni, kisha wote wakarudi kwenye paa wakakaa wakibishana. Mbuzi alipanda bei mpaka wenye mbuzi wao nyumbani wakamtamani. Watu walicheka mpaka wakakaa chini.

Mimi nilikuwa humo sakristia, chumba cha mchungaji, na daftari langu, naandika nani kachukua nini. Vitu vilipokwisha Aminieli aliingia, amelowa jasho, akampa Ebenezeri kofia yake. Ebenezeri hakuipokea.

"Kaka," akasema. "Kuna jambo. Lile jani la sale."

Nikamkanyaga mguu. Hakujali.

"La kunguru," Aminieli akasema. "Najua."

"Unajua?"

"Nilikuwa nakata majani pale tangu hujafika. Nilisikia yote, vifaranga, makinda, ulivyowafukia. Mimi nina kiota?"

Ebenezeri alishika meza. "Sasa kwa nini ulilipokea?"

Aminieli alikaa kwenye kiti cha mchungaji bila kuuliza ruhusa. "Miaka sita natafuta namna ya kuleta la kwangu," akasema. "Nilishalikata mara tatu. Nafika kwenye masale, naona hatua niliyoiiba, narudi. Siku ile nikakuona umeinua jani juu, na hakuna wa kulipokea. Nikasema, nikiliacha hili nitazikwa na ugomvi wangu."

"Ungeniambia pale pale."

"Ningekuambia, ungelitaka jani lako."

Ebenezeri alifikiri. Ni mtu mkweli, hilo simnyimi.

"Ni kweli," akasema. "Ningelitaka."

Kisha akaketi sakafuni karibu na miguu ya kaka yake, na magoti yake yale mabovu, akalia.